Nani Aendeshaye Pumzi Yetu?

Juma hili tumepokea barua kutoka Illasit, kule chini ya Mlima Kilimanjaro, mpakani kabisa mwa Kenya na Tanzania. Aliyeiandika ni karani, naye ana shemeji ambaye kazi yake ni kuchukua mizigo ya wageni wapandao mlima kwa njia ya Rongai. Shemeji huyo alimhadithia jambo lililomtia hofu. Usiku mmoja, juu sana mlimani, aliamka akamsikia mgeni aliyelala katika hema la jirani akipumua kwa nguvu, kisha polepole, kisha kidogo kidogo, kisha kimya. Akahesabu moyoni mpaka kumi, na bado kimya. Alipokuwa akitafuta viatu vyake ili aende kuwaita wenzake, mgeni akavuta pumzi moja kubwa kama mtu aibukaye majini, akaanza tena. Mambo yakawa hivyo mpaka alfajiri. Asubuhi yule mgeni alikunywa chai yake na kusema kwamba hakulala vizuri sana, basi.

Karani wetu auliza: "Je, mtu yule alikuwa akifa na kufufuka? Na kama alikuwa amelala, ni nani aliyemwambia avute pumzi tena?"

Swali la pili ndilo lililotupendeza zaidi, maana atakayelijibu vema atakuwa amelijibu na la kwanza. Kwa hiyo tutaanza na hilo.

Watu wengi hudhani kwamba mapafu hujiendesha yenyewe kama moyo. Sivyo. Moyo una chanzo chake wenyewe cha kuupigisha, hata ukiondolewa mwilini waweza kuendelea kupiga kitambo kidogo. Mapafu hayana nguvu hiyo. Ni mifuko tu. Hujaa hewa kwa sababu kifua hupanuka, na kwa sababu msuli mpana utenganishao kifua na tumbo, uitwao kiwambo, hujivuta na kushuka chini. Misuli hiyo nayo haifanyi lolote mpaka iletewe amri, na amri hutoka katika sehemu ya chini kabisa ya ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Mahali penyewe ni padogo, lakini pakiumia vibaya pumzi hukatika papo hapo. Kutoka hapo amri hutumwa kama mara 12 mpaka 20 kila dakika kwa mtu mzima aliyetulia, yaani kama mara 20,000 kwa siku, tukiwa macho au tukiwa usingizini.

Ni kweli kwamba twaweza kuinyang'anya sehemu hiyo usukani kwa muda. Twazungumza, twaimba, twapuliza moto, twazuia pumzi tupitapo penye vumbi. Lakini usukani huo ni wa kuazima. Jaribu kuizuia pumzi yako, nawe utaona kwamba baada ya dakika moja hivi mwenyewe huja kuudai, wala hasikii ombi. Hata mtoto mdogo mwenye hasira azuiaye pumzi mpaka midomo ikabadilika rangi, akizimia kidogo, usukani hurudi kwa mwenyewe na pumzi huanza tena. (Mtoto wa namna hiyo na aonwe na daktari mara ya kwanza, ili ijulikane kwamba si ugonjwa mwingine.)

Sasa, huyo mwenye usukani ajuaje kwamba wakati umefika? Hapa ndipo wengi wetu tulipofundishwa nusu ya jambo. Tuliambiwa shuleni kwamba twavuta hewa safi yenye oksijeni na kutoa hewa chafu ya ukaa. Kwa hiyo twadhani kwamba mwili huona kiu ya oksijeni kama vile koo lionavyo kiu ya maji. Kumbe kwa mtu mzima wa afya akaaye nchi za kawaida, kinachopimwa zaidi si upungufu wa hewa safi. Kinachopimwa ni wingi wa hewa chafu.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1905 na Waingereza wawili, John Scott Haldane na mwenziwe Priestley. Haldane alikuwa mtu wa ajabu, aliyezoea kujijaribia mwenyewe kwa kujifungia katika sanduku lisilopitisha hewa na kuandika aliyoyaona. Waliona kwamba hewa ya ukaa ikizidi kidogo tu ndani ya mapafu, upumuaji huongezeka mara mbili. Lakini oksijeni, ambayo katika hewa ya kawaida ni kama sehemu 21 katika mia, yaweza kupunguzwa mpaka karibu na 13 kabla pumzi haijabadilika sana. Sababu yake ni kwamba hewa ya ukaa ikiingia katika majimaji ya mwili huyatia ukali kama wa ndimu. Ubongo huonja ukali huo kama mpishi aonjavyo mchuzi. Ukizidi, huamuru pumzi zaidi ili hewa ya ukaa itolewe nje, ukipungua, hulegeza.

Vijana wapendao kupiga mbizi na wasikilize hapa. Wako wanaopumua haraka haraka mara nyingi kabla ya kuingia majini, wakidhani wanajaza oksijeni akibani. Hawajazi kitu cha maana. Wanachofanya ni kumwaga nje hewa ya ukaa, yaani kumlaza usingizi yule mwonjaji. Wakiwa chini ya maji oksijeni huisha kabla ya ukali kurudi, nao huzimia bila kuhisi haja ya kupumua hata kidogo. Baadhi yao hawaibuki.

Kabla hatujapanda mlima, yafaa tuseme neno juu ya kina cha pumzi, maana si wingi peke yake utoshao. Mkulima aliyevuta maji kwa bomba refu lililolala juani atanielewa mara moja. Afunguapo mfereji, maji yatokayo kwanza ni yale ya moto yaliyobaki bombani. Ya baridi hufuata baadaye. Koo na mirija ya kifuani ni bomba la namna hiyo. Mtu mzima aliyetulia huvuta kama nusu lita ya hewa kila pumzi, yaani mililita 500, na katika hizo kama 150 huishia bombani bila kufika pale damu inapokutana na hewa. Akipumua mara 12 kwa dakika, huvuta lita 6, na hewa mpya ifikayo kwenye damu ni lita 4 na sehemu mbili katika kumi. Sasa mwenziwe apumue mara 24, lakini pumzi fupi za mililita 250. Jumla yake ni lita 6 vilevile. Lakini toa zile 150 kila mara, utaona kwamba hewa mpya iliyofika ni lita 2 na sehemu nne tu. Amefanya kazi ya mapumzi maradufu na kupata karibu nusu ya faida. Ndiyo maana mtu mwenye afya akianza kulima au kukimbia, mwili huongeza kwanza kina, kisha kasi. Na ajabu ni kwamba huongeza tangu hatua ya kwanza, kabla damu haijapata nafasi ya kuwa chafu, kana kwamba ubongo uamurupo miguu huipelekea pumzi nakala ya barua hiyo.

Haya, twende mlimani.

Mwonjaji wa ukali si mlinzi wa peke yake. Yuko na wa pili, naye akaa shingoni. Pande zote mbili za shingo, pale mshipa mkubwa wa damu upandao kichwani ugawanyikapo, pana kidonge kidogo kama punje ya mchele. Kazi yake kubwa ni kuipima oksijeni ya damu. Mbelgiji Corneille Heymans, wa chuo kikuu cha Ghent, alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kazi ya vipimo hivi vya shingoni na vya karibu na moyo. Huku chini mlinzi huyu hufanya kazi polepole. Lakini apandaye Kilimanjaro hufikia mahali ambapo hewa ni nyembamba, na kwenye kilele chenye mita 5,895 oksijeni ni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Hapo mlinzi wa shingoni hupiga kelele: pumua, pumua! Mtu hupumua. Lakini kwa kupumua sana humwaga hewa ya ukaa, ukali wa damu hupungua, na yule mwonjaji wa ubongoni husema: yatosha, acha.

Mchana, mtu akiwa macho, anatembea na kuzungumza, ugomvi huu hausikiki. Usiku walinzi hao wawili hubaki peke yao. Wa ubongoni hushinda kwanza, na pumzi husimama. Katika kimya hicho oksijeni hushuka, hewa ya ukaa hupanda, kisha wa shingoni hupiga kelele na mtu huvuta pumzi ile kubwa iliyomshtua shemeji wa karani wetu. Kwa kuvuta sana huimwaga tena hewa ya ukaa, na mchezo huanza upya. Kwa hiyo, Bwana Karani, mgeni yule hakuwa akifa. Wapandaji wengi walalao juu hivyo hupumua namna hiyo, tena mara nyingi hawajui.

Baada ya siku kadhaa mafigo huja kusuluhisha. Hutoa katika mkojo chumvi ya jamii ya magadi, ile ile ambayo watu wa Kajiado wameizoea kule ziwani Magadi, na kwa kupunguza magadi hayo damu hurudia ukali wake, hata mwonjaji hakatazi tena. Hii ndiyo sababu moja ya viongozi wa mlima kusisitiza "pole pole". Mafigo hayana haraka.

Wala tusidhani kwamba ni wapanda mlima tu wabadilishwao. Mwaka 1911 Haldane na wenzake walikwenda kupima pumzi juu ya mlima wa Pikes Peak huko Marekani, wenye mita 4,302. Mwenzao mmoja, Mabel FitzGerald, hakukaa nao kileleni; yeye alizunguka katika miji ya wachimba madini, akiwapima wenyeji wa kila kimo. Akaona kwamba kadiri watu wakaavyo juu, ndivyo hewa ya ukaa ilivyo chache mapafuni mwao, hata katika vimo vya wastani. Maana yake, mkazi wa Illasit, aliye juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita elfu moja, hupumua zaidi kidogo kuliko mtu wa Mombasa, wala hajijui. (Bibi huyo alipewa shahada ya heshima na chuo cha Oxford mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 100. Afadhali kuchelewa.)

Lakini neno moja kwa shemeji. Mtu anayehema akiwa ameketi, akikohoa, kifua kikikoroma, asiyeweza kuwafuata wenziwe hata kwa mwendo wa polepole, huyo si mchezo wa usiku. Mapafu yake yanajaa maji. Huyo na ateremshwe usiku ule ule, asingojee jua, awe ni mgeni aliyelipa fedha nyingi au ni mchukuzi mwenzako asiyetaka kuonekana dhaifu. Wachukuzi nao hupatwa.

Turudi nyumbani, kwa maana ujuzi huu una kazi zaidi nyumbani kuliko mlimani. Kama pumzi huendeshwa na vipimo vya ndani, basi anayeitazama pumzi kutoka nje huweza kusoma habari za ndani. Mtoto mwenye kichomi, waganga wakiitacho nimonia, mapafu yake yamekuwa magumu kwa sababu ya majimaji, hayawezi kutanuka. Kwa kuwa kina kimekataa, mwili hukimbilia kasi. Kwa hiyo mtulize mtoto, apakatwe na mamaye, asiwe analia wala ananyonya, inua nguo yake uone kifua, kisha hesabu pumzi kwa dakika moja kamili kwa saa ya mkononi au ya simu. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwani pumzi za watoto haziendi sawasawa. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60 au zaidi, wa miezi 2 mpaka mwaka akifika 50 au zaidi, wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 au zaidi, huyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na kama sehemu ya chini ya kifua huingia ndani kila avutapo pumzi, msikae nyumbani kupima tena.

Iko na pumzi ya namna nyingine, nayo huwadanganya wazazi kwa sababu haina haraka nyingi. Ni pumzi ya kina, nzito, kama ya mtu aliyetoka kukimbia, hali mtoto amelala na ana homa. Hiyo yaweza kuwa malaria kali iliyotia damu ukali. Mwonjaji wa ubongoni anajitahidi kuuondoa kwa njia pekee aijuayo. Katika pwani yetu, huko Kilifi, waganga waliwachunguza watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, wakatoa habari mwaka 1995. Kati ya watoto waliofariki, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa na moja ya dalili mbili, au zote: fahamu zilizopungua, na taabu ya kupumua. Dalili hizo hazihitaji hadubini. Mama aliye mbali na hospitali aweza kuziona kwa mwanga wa taa.

Mpaka hapa nimewasifu walinzi hawa. Sasa nitasema ni nani awezaye kuwapita.

Mwaka mmoja nililala Illasit mwezi wa Julai, wakati baridi ya mlimani inaposhuka. Mwenyeji wangu, kwa ukarimu, alileta jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa gunia. Tukakaa tukizungumza habari za bei ya nyanya. Baada ya muda kichwa kilianza kuniuma, magoti yakawa mazito, nikadhani ni uchovu wa safari. Mwenyeji wangu alikuwa amekwisha kusinzia. Mama yake mzee akatoka jikoni, akafungua mlango, akasimama pale. "Ninyi watoto," alisema, "nani aliwafundisha kulala na moto?" Akalibeba jiko mwenyewe kwa upindo wa shuka, akalitupa uani, akafungua na dirisha. Nilipojaribu kusimama ili nimsaidie nikaanguka.

Nataka msomaji aone jambo moja katika habari hii. Kwa muda wote ule sikuhema. Kifua hakikubana hata mara moja. Kwa nini? Makaa yawakayo mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kuchukua nafasi yake. Mwonjaji wa ubongoni hupima ukaa, nao haujazidi. Mlinzi wa shingoni hupima oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya damu, nayo ni ile ile. Haoni kwamba chembe nyekundu zinazobeba mzigo mkubwa zimekwisha kukaliwa na mgeni. Walinzi wote wawili huandika "hali ni salama", na mtu hulala. Majirani husema asubuhi kwamba alikufa kwa amani.

Kwa hiyo jiko lisiingie chumba cha kulala, hata kama makaa yamekwisha kuwa mekundu na hayatoi moshi. Hewa hii haina haja ya moshi. Ukimkuta mtu katika chumba cha namna hiyo, fungua mlango, mvute nje kwenye upepo, usikae ndani kumwamsha, kisha mpeleke hospitali apewe oksijeni hata kama amezinduka.

Na wakulima wa vitunguu na nyanya wenye visima vya kuchimba kwa mkono, hewa hii hii hutoka katika mashine ya petroli. Najua kwa nini watu huiteremsha mashine ndani ya kisima: pampu ya kuvuta kutoka juu haiwezi kuinua maji zaidi ya mita saba hivi, na maji yakishuka wakati wa kiangazi mtu huona njia ni kuifuata. Mashine ikinguruma ndani ya shimo hujaza shimo. Anayeshuka kuizima hana dalili ya kumwonya, na anayeshuka kumfuata huyo wa kwanza hana pia. Mashine na ikae juu, au itumike pampu ya umeme. Aliyeanguka chini afungwe kamba na kuvutwa na watu walio juu, na kama hakuna kamba, anayetaka kumfuata azuiwe, hata ikiwa ni kwa kumshika mikono.